Je, vigae vitaponya "fangasi" ya ukuta wangu?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nina nyumba Kigamboni, si mbali na bahari, ambayo tulihamia miaka minne iliyopita. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, rangi ya sebuleni inavimba kama malengelenge, kisha inamenyeka, na chini yake hutoka unga mweupe. Nimepaka upya mara tatu. Mara ya mwisho nilitumia rangi ya mafuta iliyo ghali kuliko zote dukani, na safari hii ikabanduka upesi zaidi. Fundi anasema ni fangasi, na ananishauri nibandike vigae hadi urefu wa mita moja. Je, vigae vitamaliza tatizo? Na kwa nini rangi iliyo bora ndiyo iliyodumu muda mfupi?

JIBU: Ndugu msomaji, naomba usibandike vigae kwanza. Jina la fangasi limezoeleka mno hapa Dar es Salaam kwa kila ukuta unaomenyeka, lakini fangasi halisi ni kiumbe hai: huota madoa meusi au ya kijani, hunuka uvundo, na hupenda pembe za bafuni na nyuma ya kabati. Unga mweupe unaouelezea, ulioanzia chini na kukomea usawa wa goti, ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ardhini. Weka unga kidogo katika kijiko cha maji: ukiyeyuka wote, ni chumvi. Ukibaki, udondoshee ndimu, na ukitoa povu ujue ni chokaa iliyotoka ndani ya saruji na kuungana na hewa ya ukaa.

Maji hupandaje ukuta ilhali tunayajua kwa tabia ya kuteremka? Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Kiungo hicho ni dhaifu sana ukikilinganisha na kile kinachozifunga atomi ndani ya molekuli yenyewe, lakini viungo hivyo ni vingi mno, na ndivyo vinavyolifanya tone la maji lijikunje kuwa duara. Maji yakigusa kitu kingine, nguvu mbili hushindana, yaani ile ya maji kujishika yenyewe na ile ya maji kung'ang'ania kitu hicho. Kwenye jani la gimbi maji hujishika zaidi, tone likabiringika na kuanguka. Kwenye mchanga na saruji, ambavyo nyuso zake zimejaa oksijeni inayovutana na maji, ukuta ndio unaoshinda, na maji hujitandaza juu yake. Ndani ya kijitundu chembamba, kule kujitandaza ndiko kupanda: maji yanang'ang'ania kuta za kijitundu, yanajivuta kwenda juu, na yaliyo nyuma yanafuata kwa sababu yameshikana na yaliyo mbele. Mafuta ya taa hupanda utambi wa kibatari kwa njia hiyo hiyo.

Urefu wa kupanda hutegemea wembamba wa kijitundu, na hesabu yake ni rahisi. Kwa joto la nyuzi 30, kijitundu chenye nusu kipenyo cha milimita 1 huyapandisha maji milimita 15 tu, lakini chenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita huyapandisha karibu mita moja na nusu. Vijitundu vyembamba zaidi ya hapo vingeweza, kwa hesabu, kuyafikisha maji juu ya paa, ila msuguano ndani yake ni mkubwa na maji hupita kwa kuchelewa mno, hivyo hukauka kabla hayajafika mbali. Matofali yaliyopunjwa saruji, na fundi anayetaka kupata matofali mengi kutoka mfuko mmoja wa kilo 50 anakuelewa ninaposema hivyo, huwa na vijitundu vya ukubwa mbaya kuliko wote: vyembamba vya kutosha kuvuta, na vipana vya kutosha kupitisha.

Hapo ndipo swali lako la vigae linapopata jibu. Mstari wa usawa wa goti unaouona ni mahali ambapo maji yanayopanda yamelingana na maji yanayokauka kwenye uso wa ukuta. Ukiufunika uso huo kwa vigae, umeziba njia ya kukaukia bila kugusa njia ya kupandia. Maji yatapita nyuma ya vigae hadi yapate pa kutokea, na baada ya msimu mmoja au miwili utaona malengelenge yaleyale juu kidogo ya mita moja. Nimeziona nyumba ambazo vigae vimeongezwa safu baada ya safu hadi kufika dirishani, na mwenye nyumba bado anamlaumu muuza rangi.

Kuhusu rangi, iliyo ghali zaidi ilishindwa kwa sababu ya ubora wake. Rangi ya maji ya kawaida hupitisha mvuke kiasi, kwa hiyo chumvi hufika hadi nje na kukaa juu ya uso kama unga, jambo baya kwa macho lakini lisilo na madhara makubwa. Rangi ya mafuta hufunga. Maji hukaukia nyuma ya utando wake, na chumvi huganda kuwa fuwele papo hapo, kati ya lipu na rangi. Fuwele inayokua ndani ya nafasi finyu husukuma pande zote. Chumvi ya salfeti ya sodiamu ni mkorofi wa pekee: ikiwa imekauka kabisa kisha ikapata maji tena, kila fungu lake hujifunga na molekuli 10 za maji, na fuwele mpya huchukua nafasi takribani mara 4 ya ile ya kwanza. Hakuna gundi ya rangi inayostahimili msukumo huo ukirudiwa kila masika na kila kiangazi.

Yapo pia mashambulizi ya kikemia. Saruji ni kali kama magadi, na unyevu huuleta ukali huo hadi kwenye rangi. Mtu anayetengeneza sabuni nyumbani kwa mawese na kostiki soda anajua kinachotokea mafuta yanapokutana na ukali wa namna hiyo. Rangi ya mafuta kwenye ukuta mbichi wa saruji hugeuka sabuni polepole, ikawa laini na yenye kunata upande wa ndani, huku upande wa nje ukiendelea kung'aa.

Pengine umeona kwamba ukuta hulowa hata siku ambazo mvua haijanyesha. Chumvi ya kawaida, ile ya mezani, huanza kunyonya maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapozidi takribani asilimia 75, na usiku wa Dar es Salaam huvuka kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo ukuta ulioshiba chumvi hujilowesha wenyewe, hata baada ya maji ya ardhini kuzuiwa. Kama matofali yako yalimwagiliwa maji ya kisima chenye chumvi, jambo la kawaida ufukweni, basi sehemu ya adui uliingia naye siku ya ujenzi.

Tiba huanzia nje. Angalia kama kifusi au vitofali vya uani vimepandishwa juu ya ile nailoni nene inayowekwa kati ya msingi na ukuta. Kama vimepandishwa, maji yanairuka nailoni hiyo kwa pembeni, na kushusha udongo ndiyo kazi ya kwanza na ya bei nafuu. Kama nailoni haikuwekwa kabisa, hutobolewa matundu kwenye mstari wa chini kabisa wa saruji inayounganisha matofali, moja kila sentimita 12 hivi, na kujazwa krimu ya silani. Silani haizibi vijitundu. Ncha moja ya molekuli yake hujifunga kikemia kwenye oksijeni ya mchanga na saruji, na ncha nyingine, yenye asili ya mafuta, hubaki ikitazama ndani ya kijitundu. Uso uliokuwa ukiyavuta maji sasa unayasukuma, na ukuta wako unapata tabia ya lile jani la gimbi.

Kisha bandua lipu hadi sentimita 30 juu ya doa la mwisho, kwa sababu chumvi iliyomo humo haitatoka kwa kupakwa dawa. Safisha kwa brashi kavu, kwani ukiosha kwa maji unairudisha chumvi ndani. Lipu mpya iwe na chokaa ya kutosha, na rangi iwe ya kupitisha mvuke. Chokaa ya kupaka inafaa kabisa, ingawa wateja wangu wengi huiona ya kizamani. Wazee wa pwani waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa hawakuwa na hesabu hizi, ila kuta zao zilipumua.

Anza kazi mwezi Juni, masika yakiisha. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kuuachia ukuta mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wake, kwa hiyo tofali la nchi 6 linahitaji kama miezi sita kukauka. Vigae, ukivitaka kwa urembo, vinaweza kusubiri hadi hapo.