Jibu: Utajuaje ubao wa nakshi wa Kifaransa ni wa kale kweli?

Ndugu, umeuliza utajuaje kama ubao wa nakshi wa kupamba ukuta, unaouzwa kuwa wa enzi za Louis XV, mfalme wa Ufaransa wa karne ya 18, ni wa kweli. Ugeuze! Usoni rangi na nta huficha mengi, mgongoni si rahisi kuficha. Fundi wa karne ya 18 hakuhangaika kulainisha upande unaotazama ukuta, kwa hiyo pitisha vidole: utahisi mabonde mafupi ya randa ya mkono. Ukikuta mikwaruzo ya duara ya msumeno wa mashine, kuwa na shaka. Angalia na maungio. Vijiti vya mbao vinavyoyashikilia mara nyingi huwa vimechomoza kidogo kwa sababu mwaloni umesinyaa.

Matundu ya bungua yasikutishe, ila ukigonga ukaona unga mpya, wadudu bado wamo.

Na nakuomba, usikwangue rangi. Mimi nilikwangua kipande changu cha kwanza, chini ya nyeupe nikaona kijivu cha zamani kikiondoka na patasi. Inaniuma hadi leo.

Kabla ya kwenda kununua soko la vitu vya kale la Saint-Ouen, karibu na Paris, pitia makumbusho ya Carnavalet hapo Paris. Kuna vyumba vizima vilivyookolewa kutoka nyumba za kale. Zoeza macho kwanza.