Kari ni jina la kike au la kiume?

SWALI: Mimi ni Mtanzania, nimeolewa na Mfini na tunaishi Oslo. Tunatarajia mtoto wa kiume, na mume wangu anataka tumwite Kari, jina la marehemu baba yake. Jirani yetu Mnorwei ameshangaa, anasema hilo ni la kike. Tovuti moja inasema maana yake ni "safi", nyingine "upepo". Nimwamini nani?

JIBU: Dada yangu, mumeo yuko sahihi, na jirani yako pia. Kari wa Norwei ni mwanamke: jina limefupishwa kutoka Katarina, sawa na Karin wa Uswidi na Karen wa Denmark, kama yule Karen Blixen aliyelima kahawa karibu na vilima vya Ngong. Limezoeleka mno hata raia wa kawaida wa Norwei huitwa "Ola" akiwa mwanamume na "Kari" akiwa mwanamke. Kari wa Ufini ni mwanamume, na jina lake limetokana na Makarios, la Kigiriki, yaani mwenye heri. Halafu yupo Kári wa Iceland na Visiwa vya Faroe, mwanamume pia. Hiyo alama juu ya a si pambo. Kwa Kiaislandi hutamkwa karibu na "Kauri".

Kwa hiyo haya ni majina matatu yaliyokutana kwenye maandishi tu. Tovuti hizo huokota herufi nne na kuzimwagia maana zote pamoja, kama mtu anayedai paa wa porini na paa la nyumba ni ndugu. Tena hata maana zenyewe wamezivuruga. "Safi" ni tafsiri ambayo Katarina ilibandikwa baadaye, kwa kufanana na neno la Kigiriki. Asili yake ya kwanza bado inabishaniwa. "Upepo" ni milki ya Kári katika masimulizi ya kale, na si hakika kwamba ndiyo maana ya asili ya jina lake.

Mkimpa mwanenu jina hilo mkiwa Oslo, jueni barua nyingi zitamwita binti. Mna miezi 6 baada ya kuzaliwa kupeleka jina Skatteetaten, yaani mamlaka ya kodi ya Norwei, na sheria huzuia jina linaloweza kumletea mtoto usumbufu mkubwa, basi waulizeni mapema. Wengine huweka jina la babu nafasi ya pili.

Ninachowaomba nyote mnaoniandikia: msimlipe mtu anayetaja maana ya jina kabla hajauliza ni la nchi gani, la jinsia gani na lina alama zipi. Wabaya zaidi ni wauzaji wa vyeti vya rune, yaani herufi za kale za Skandinavia. Enzi za Waviking rune zilikuwa 16 tu, na moja ilibeba k na g kwa pamoja. Wao hupanga rune moja kwa kila herufi ya Kilatini, hata kwa majina ya Kigiriki kama Makarios, kisha wanaita hiyo "asili ya jina lako" na kudai pesa.