Ukianza jiokashi na safari za barabara: Mombasa, Tsavo, Taveta mpaka Gedi

Wengi wanaoingia jiokashi sa hizi huuliza swali moja, nishike barabara gani nipate kashi nyingi, na jibu langu huwa hawalipendi. Mchezo wenyewe hauna ugumu kuuelewa, mtu kaficha kikopo mahali, ndicho kinachoitwa kashi, kaweka koordineti zake, yaani namba za mahali kilipo, kwenye programu ya simu, wewe unaenda na jipiesi (GPS) ya simu unakitafuta, unasaini kijitabu kilicho ndani halafu unakirudisha pale pale ulipokitoa. Ulianzia Marekani, jimbo la Oregon, Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali yao kuacha kuivuruga makusudi ile signali ya jipiesi ya raia, jamaa mmoja Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo porini akatangaza iko wapi. Basi huko kwao kashi zimejaa mpaka kuna sheria zisikaribiane chini ya mita 161. Huku kwetu utaendesha gari masaa na ramani iko tupu. Kwa hivyo ukipanga safari kwa kufuata vikopo utakula vumbi la malori siku nzima urudi nyumbani na vikopo viwili na mgongo unauma. Panga safari kwa wanyama na kwa magofu, kashi uzitie pale panapobaki nafasi, hapo ndipo utaipenda.

Mimi ni mtu wa Mombasa kwa hivyo naongea njia ninayoijua, wa Nairobi mtaigeuza wenyewe.

Kitu cha kwanza ni saa. Geti za mbuga ya Tsavo zinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na jioni saa kumi na mbili unatakiwa uwe nje, na wanyama wanaonekana vizuri ule mwanzo na ule mwisho, katikati jua likishakuwa kali simba kalala chini ya mti hata sikio halipigi. Sasa wageni wanafanya nini, wanatoka Mombasa saa moja, wanakwama Mariakani nyuma ya matrela, wanafika Voi saa nne na nusu, wanaingia mbugani wakati wanyama wanatafuta vivuli, kisha wanasema Tsavo haina kitu. Nenda ukalale Voi usiku wa kabla, na hiyo safari ya Voi uifanye mchana, kuanzia Taru kwenda juu usiku ndovu huvuka barabara na ndovu aliyejaa vumbi kwenye giza humuoni mpaka taa zimempiga miguu. Ingia geti likifunguliwa, zunguka mpaka saa nne hivi, toka. Mchana wote wa jua kali ndio wa kashi na historia. Nimekaa na huu mpangilio na sijaona mwingine unaoushinda.

Kiingilio unalipa kwa simu kupitia eCitizen, ile tovuti ya serikali, pesa taslimu getini hawapokei, na bei iangalie wewe mwenyewe siku unayolipa usitegemee mtu aliyeenda mwaka juzi. Lipia kabla ukiwa bado mjini penye netiweki.

Njiani simama Mackinnon Road. Msikiti uko hapo kando ya barabara na reli ya zamani, na ndani yake kaburi la Seyyid Baghali, alikuwa msimamizi wa wafanyakazi enzi za kujenga reli, wanasimulia karai alilobebea mzigo lilikuwa halimgusi kichwa, linaelea tu. Madereva wengi husimama wakaomba dua ndio waendelee. Vua viatu, vaa nguo ya heshima, na tafadhali usianze kupapasa kuta za msikiti ati unatafuta kikopo, hata kama mshale wa simu unaelekea huko. Mahali pa ibada na makaburini hapatafutwi kitu, mimi hilo sina mjadala nalo.

Tsavo East ndovu ni wekundu, udongo wa pale ndio unawapaka, na picha zako marafiki watafikiri umezitia rangi. Lakini usimalize asubuhi yote kwa ndovu. Tafuta swala twiga, yule wa shingo ndefu, ukimkuta anakula simamisha gari uzime injini, anasimama kwa miguu miwili ya nyuma wima kabisa, ya mbele kaining'iniza hewani au kaishikiza kwenye matawi, anachagua majani madogo madogo juu ambapo swala wengine hawafiki. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu tu. Nimeona watu wanampita mbio kwa sababu dereva wa gari lingine kawapigia simu kuna simba, wakifika kwa simba wanakuta magari tisa na mkia. Darubini ya bei ya chini ina faida kuliko simu ya bei ghali, na kilomita 40 kwa saa ni sheria ya mbugani lakini mwenyewe nenda hata 20.

Na mbugani hushuki ndani ya gari ila pale paliporuhusiwa, kama mwamba wa Mudanda, maporomoko ya Lugard Falls, au Mzima Springs upande wa Tsavo West. Hii ndiyo inawachanganya wageni wa jiokashi, wanaona alama kwenye ramani mita 60 kutoka barabarani wanasema nitashuka mara moja tu. Hushuki. Za kutafuta mbugani ni zile zinazoitwa EarthCache ambazo hazina kikopo chochote, unafika mahali penye jambo la kijiolojia, unaangalia, unajibu maswali ya mwenye kuiweka, basi. Kabla hujatoka fungua ramani uone kama iko kwenye njia yako, na hata isipokuwepo Mzima nenda, maji yale ni mvua ya milima ya Chyulu imezama kwenye mawe ya volkano ikapita chini kwa chini kilomita nyingi ndio inachomoza pale safi kama kioo, na bomba la kuleta maji Mombasa linaanzia hapo, yaani umeyanywa maisha yako yote. Kuna kichumba chini ya maji chenye vioo, samaki unawaona, viboko inategemea bahati. Karibu na geti la Chyulu kuna Shetani, lava nyeusi tupu ya kama miaka mia mbili, viatu vya soli nene la sivyo utatembea kwa kuruka.

Daraja la mto Tsavo liko karibu na barabara kuu na wengi wanalipita bila kujua. Hapo ndipo mwaka 1898 simba wawili madume wasio na manyoya shingoni waliwala wajenzi wa reli, Wahindi na Waafrika, wakiwatoa hemani usiku, mpaka Patterson aliyekuwa anasimamia daraja akawapiga risasi Desemba ile. Yeye alikuja kusema waliouawa ni 135, watafiti waliochunguza mifupa na manyoya ya simba wale mwaka 2009 wakakadiria kama 35. Simba wenyewe wako Chicago, Field Museum, kwa hivyo wa kuwaona hao upande ndege. Sasa angalizo, daraja la reli si mahali pa kuinama inama na tochi. Askari akija usifiche simu, msalimie, mwonyeshe programu, mwambie ni mchezo wa kutafuta kitu kilichofichwa, na akikwambia ondoka ondoka. Wengi wao wakielewa wanacheka, wengine wanataka kusaidia kutafuta, lakini kumbuka mtu anayezunguka daraja mara tatu akipapasa nguzo hata mimi ningemuuliza.

Ukiwa na siku ya pili shika njia ya Taveta kutoka Voi, lami nzuri, kama kilomita 110, na Kilimanjaro inakuja mbele yako kukiwa hakuna mawingu. Huku ndiko vita vya kwanza vya dunia vilipigwa na wengi wetu shuleni tulipita tu. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914. Kilima cha Salaita kiko pale kando, kidogo tu hakitishi, na tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini waliokuja kupigania upande wa Waingereza walikishambulia wakafurushwa na jeshi la Wajerumani ambalo wengi wake walikuwa askari weusi. Mahandaki bado yanaonekana. Voi na Taveta kuna makaburi ya wanajeshi, yamepangwa safi, na ukishaona majina utajiuliza wapagazi wako wapi, maelfu kwa maelfu waliokufa kwa njaa na maradhi wakibebeshwa mizigo, wao mawe ya majina hawana. Chukua mtu wa pale akutembeze, umlipe, usijipandie kilima peke yako.

Koordineti sasa, hapa nakaa kidogo kwani ndipo wengi wanapotea. Programu inaandika digrii na dakika zenye desimali. Gedi kwa mfano, yale magofu karibu na Malindi, ni kama S 3° 18.6. Mtu anachukua hiyo anaandika kwenye ramani ya kawaida 3.186, anaenda. Hiyo si Gedi, Gedi kwa desimali ni 3.310, na tofauti yake ni karibu kilomita 14 upande wa kaskazini, huko porini nyuma ya Malindi. Dakika gawanya kwa 60 kwanza. Na usisahau S, ukiacha simu ikadhani ni N umeshakwenda huko karibu na mpaka wa Ethiopia. Ramani zote zidaunlodi nyumbani utumie ofulaini, piga skrinshoti maelezo ya kila kashi pamoja na dokezo lake, na pawabenki mbili. Chini ya miti simu hudanganya mita kumi na zaidi, kwa hivyo ukikaribia weka simu mfukoni uanze kufikiria kama mtu anayeficha.

Mkono usiuingize kwenye tundu usiloliona ndani. Kifutu, yule nyoka wa sumu, hakimbii mtu, analala tu pale pale kwenye majani makavu, na nge wanapenda chini ya jiwe kama wafichaji wa kashi wanavyopapenda. Fimbo kwanza, tochi, halafu mkono.

Gedi mpe nusu siku. Mji wa mawe katikati ya msitu, msikiti mkubwa, kasri, visima, kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399, na tangu 2024 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Jiwe la Gedi haliinuliwi, haliondolewi, wala hupandi ukuta upate signali. Kima wa pale wamezoea watu, ukifungua mahamri utaibiwa mkononi. Tembea polepole kwenye majani makavu usikilize, kuna sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayocheza cheza na kiraka cha dhahabu kwenye makalio, utamsikia kabla ya kumuona na akishakuona anaruka ruka kapotea. Wengi zaidi wako msitu wa Arabuko-Sokoke hapo jirani, nenda alfajiri na kiongozi wa ndege, wanajua mpaka mti anaolala yule bundi mdogo wa Sokoke. Jioni malizia hori ya Mida maji yakiwa yanapwa, ndege wa Ulaya wako pale kuanzia Oktoba mpaka Aprili.

Na ukipata kashi usiandike "nimepata asante" peke yake, sema kikopo kiko hali gani, kijitabu kimelowa au kimejaa, ufa uko wapi. Beba karatasi kavu na vifuko vya plastiki vya zipu ubadilishe. Chakula usiache ndani kamwe, nyani atakivunja kikopo siku hiyo hiyo. Usipopata andika pia hukupata, mwenye nacho akaangalie kama bado kipo. Na kuficha cha kwako ngoja kwanza, kifiche mahali unapoweza kurudi kila baada ya miezi michache, mwenye ardhi akiwa amekubali, bila kuchimba shimo.