Kabla Hujampa Ufunguo wa Geti

Kwanza niwatoe wasiwasi wanaoniombea mume kila ibada: naishi mwenyewe hapa Nzuguni, Dodoma, na raha zangu ninazo. Jumamosi naamka nikitaka. Upepo wa kipupwe ukileta vumbi naziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu, nasonga ugali wa uwele, nala na mlenda bila mtu kuniuliza nyama iko wapi. Zabibu zikiiva nala mpaka meno yanakufa ganzi.

Upweke upo, hasa ukiugua. Ndiyo maana tuna kikundi chetu cha wanawake mtaani. Mmoja akiwa kimya tangu jana, tunaenda kumgongea. Wadogo zangu, lipangeni hilo mapema. Anayetafuta wa kumkorogea uji akiwa na homa humkubali yeyote.

Mapenzi siyakatai, ila Dodoma ina mambo yake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, wanaume wengi wamekuja kikazi, familia zikabaki Dar es Salaam. Jumatatu hadi Alhamisi wote makapera! Na tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, mambo yamekuwa mepesi: Ijumaa jioni kapanda, Jumapili usiku karudi, simu eti ilizima chaji. Kwa hiyo ukimpenda mtu, mpangie Jumamosi, tena saa nne asubuhi, akusindikize soko la Majengo watu wawaone. Mwenye la kuficha ataumwa kichwa. Yuko mmoja aliyeumwa kichwa kila wiki mpaka nikamwonea huruma.

Kuhusu kuhamia kwako, usikurupuke. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, mkikaa pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, mnaweza kudhaniwa mmeoana. Kiwanja ulichonunua kabla ya ndoa ni chako. Lakini mkikiendeleza kwa jasho la wote wawili, mkiachana mahakama inaweza kukiingiza kwenye mgawanyo. Akijitolea kupandisha ukuta, mshukuru, kisha muulize ni zawadi au ni mchango. Ataona haya? Na aone leo.

Shangazi anasema nitachelewa. Huenda. Huyu wa sasa, fundi umeme wa Kondoa, Jumamosi anabeba kikapu na kubishana bei ya nyanya kunizidi mimi. Anataka nimpeleke kwa mama, na nimekubali.