Jiwe la Eyam si la tambiko

SWALI: Mwanangu anasoma Sheffield, Uingereza. Amenitumia picha ya jiwe lenye matundu, nje ya kijiji cha Eyam, na watu wametia sarafu humo. Wazungu nao wana matambiko? – Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Hapana, mama yangu, hilo lilikuwa soko. Mwaka 1665 furushi la vitambaa kutoka London lilifika kwa mshona nguo wa Eyam, na inaaminika viroboto wake ndio walioleta tauni. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, akiungwa mkono na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wajifungie, asitoke mtu. (Watoto wake mwenyewe alishawatoa mapema, mkewe Catherine alibaki, akafa.) Majirani waliacha vyakula mpakani, Eyam wakalipa kwa sarafu zilizolowekwa siki matunduni. Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane, peke yake. Makaburi yao yapo mpaka leo, pembeni mwa kijiji, yamezungushiwa ukuta wa mawe.

Mwanao akitaka kwenda, achague Jumapili ya mwisho ya Agosti, siku ya ibada ya kumbukumbu.