Usiishie Kuhesabu Kore

Mteja wa simu akishauliza bei na GB, hufuata swali hili: "Ina kore ngapi?" Kore ni vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa, ile chipu iliyo ubongo wa simu. Nilipofungua duka langu Kariakoo nilikuwa najibu kwa sauti kubwa, "Nane!", na simu inatoka. Wiki haiishi, mtu huyohuyo anarudi na simu mkononi: WhatsApp inaganda, kamera inachelewa kufunguka. Mzigo mmoja wa namna hiyo nilimalizia kwa kuuza chini ya bei niliyonunulia. Mtaji uliumia sana.

Ndipo nikaanza kusoma jina la prosesa. Simu zile zilikuwa na Cortex-A53 nane. Hizo ni kore ndogo, zilizobuniwa na kampuni ya Arm ya Uingereza zisile chaji. Sasa, unapogusa programu ifunguke, sehemu kubwa ya kazi hubebwa na kore moja au mbili. Kama hizo ni dhaifu, nyingine sita hazikusaidii kitu.

Apple walishika njia nyingine. Wanatumia lugha ya Arm, yaani amri ambazo prosesa inazielewa, lakini kore wanabuni wenyewe, kubwa na chache. iPhone 6 ya mwaka 2014 ilikuwa na kore mbili tu, na ilikuwa na kasi kuliko simu nyingi za kore nne za wakati wake. Ila njia hiyo inataka jeshi la wahandisi, na gharama yake inarudi kwenye bei ya simu. Kampuni za chipu za MediaTek na Unisoc huchukua kore zilizokwisha kubuniwa na Arm wakazipanga kwenye chipu. Siwabezi hata kidogo: bila wao, simu za bei ya mwananchi zisingekuwepo dukani kwangu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza biashara hii, kabla hujalipia mzigo mwambie msambazaji akupe jina kamili la chipu. Unisoc T606 na Helio G85 ya MediaTek nazo zina kore nane, lakini mbili ni Cortex-A75, zenye nguvu, na sita ndogo ni za kazi nyepesi. Helio G99 ina mbili za A76, inapanda zaidi. Akikujibu "nane" tu, usitoe hela.

Siku hizi mteja akiuliza kore ngapi, naweka simu mbili za kore nane juu ya kaunta, ya A53 tupu na ya G85, afungue kamera mwenyewe.