Fungueni hiyo kadi, wadogo zangu

Jumatatu nimemwona mlezi mpya wa kituo chetu cha kulelea watoto akipokea mtoto getini. Kadi ya kliniki kaipokea, kaitia kwenye faili, fomu kaijaza "afya njema". Kadi yenyewe hajaifungua! Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili sasa basi.

1. Kadi ifunguliwe mzazi akiwa bado amesimama hapo. Penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, ni dozi tatu: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Surua-rubela ni miezi 9 na miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika, maana mtoto ameshaanza kukimbia na mama karudi kazini. Ukikuta pengo usimfukuze mtoto. Kubalianeni siku ya kwenda kliniki, uiandike.

2. Palipoandikwa "mzio" usiweke kistari. Mimi niliweka. Ilikuwa Julai, baridi ya Arusha mnaijua, foleni imefika barabarani, na mtoto kaletwa na bibi yake. Nikajiambia bibi atajua nini, nikachora kistari, nikaita anayefuata. Saa nne tukagawa uji wa lishe, ule wa karanga. Hajafika nusu kikombe akaanza kujikuna shingo. Midomo ikavimba, kisha nikasikia pumzi yake inatoa mlio kama filimbi. Nikambeba kifuani, bodaboda mpaka kituo cha afya. Nesi akauliza: amekula nini, ana mzio wa nini, ana kilo ngapi? Nililijua la kwanza tu. Kadi yenye uzito wake niliiacha kabatini, na simu ya mama haipatikani. Wakampima pale pale, wakamchoma adrenalini pajani, nami nimeshika kiatu chake kimoja, kingine kimedondoka njiani. Alipona. Bibi alipofika hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, karanga hata nyumbani hatumpi. Ungeniuliza." Sauti ile ninayo mpaka leo.

3. Namba za simu ziwe mbili, na uzipige hapo hapo.

4. Dawa isiyo na jina la mtoto, kipimo na saa, usiipokee. "Mpe kijiko kimoja" ni kijiko kipi, cha chai au cha chakula?

5. Kadi arudi nayo mzazi, kliniki wataitaka. Wewe baki na kopi. Zetu ziko kwenye begi jekundu nyuma ya mlango wa jikoni. Atakayetoka mbio na mtoto, alipitie.